Juu ya Kuosha Vyombo na Haki ya Kupumzika

Katika kazi zote ambazo binadamu amejitwika tangu alipoanza kupika chakula chake, hapana iliyo ndogo kwa heshima na kubwa kwa wingi wake kama kuosha vyombo. Maana mpishi husifiwa, mkulima hushukuriwa, na mwenye kukaribisha wageni hutajwa kwa takrima yake hata miaka ikapita, lakini yule aliyeinama juu ya beseni baada ya wageni kuondoka, akasugua masizi ya sufuria kwa majivu na mchanga, hapati kutajwa na mtu, na kazi yake haiachi alama yoyote duniani ila chombo kilichorudi kuwa kama kilivyokuwa jana. Kwa sababu hiyo, lile swali ambalo limeanza kuulizwa katika nyumba za mawe zinazojengwa kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, toka Kibwezi hata Mtito Andei, yaani kama yafaa mashine ya kuosha vyombo iingizwe katika jiko ambalo makabati yake hayatoshi hata kuweka unga, haliwezi kuachiwa seremala peke yake alijibu kwa futi yake ya kupimia. Ndani yake mna swali la dini, nalo ni hili: katika nyumba ambayo nafasi ni haba na nguvu za watu ni haba, ni nani mwenye haki ya kupumzishwa kwanza, na ni kitu gani chenye haki ya kupewa mahali?

Nalitazama swali hili nikiwa na Kambu mbele ya macho yangu, kwa kuwa huko halina pa kujificha. Kambu si mji wa maji. Ni soko la kando ya njia katika kaunti ya Makueni, ambapo malori hupumzika na mabasi hupita bila kukoma, ardhi yake nyekundu na jua lake kali. Mvua zake ni mbili, na ile ya Oktoba mpaka Disemba ndiyo inayotegemewa na mkulima wa ndengu na mbaazi, kwa kuwa ile ya Machi mpaka Mei mara nyingi humwacha mikono mitupu. Mito ya nchi hiyo hushuka kwa kishindo siku chache, ikapita, ikaacha mchanga mtupu. Na chini ya mchanga huo maji hubaki yamejificha jua lisiyafikie, ndiyo maana wenyeji wa Ukambani wamejenga kuta katika mikondo ya mito, ukuta ukazuia mchanga, mchanga nao ukazuia maji, na mama mwenye kata na mtungi wa lita 20 akachimba hata akayafikia. Visima virefu vilivyotobolewa kwa mitambo vipo, lakini vingi katika kaunti hiyo hutoa maji ya chumvi. Na upande wa machweo vimesimama vilima vya Chyulu, ambavyo juu yake hapatiririki mto wa kudumu hata mmoja, kwa sababu mwamba wake wa volkano huinywa mvua yote, ikapita chini kwa chini, ikatokeza katika chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo. Na kutoka Mzima, tangu miaka ya 1950, bomba huyachukua maji hayo mpaka Mombasa. Basi mwanamke wa Kambu anayerudi kutoka mtoni na mtungi mgongoni, ukanda wake paji la usoni, huviona kwa macho vile vilima ambavyo mvua yake huosha sahani za watu walio mbali naye mamia ya kilomita. Sisemi haya kwa kuwalaumu watu wa Mombasa, ambao mifereji yao nayo hukauka. Nasema ili ijulikane kwamba lita moja ya maji jikoni ina historia na ina mbebaji, na kwamba mtu hawezi kuzungumza juu ya mashine bila kumzungumza mbebaji.

Dini mbili zinazokaa pamoja katika nchi hiyo hazikulidharau jambo la kuosha chombo. Waislamu wamefundishwa kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Na Wakristo wanasoma katika Injili ya Mathayo jinsi Yesu alivyowakemea wale wanaosafisha kikombe kwa nje, ilhali ndani kimejaa unyang'anyi. Usafi katika mafundisho hayo si pambo. Lakini usafi huo umewekewa kipimo, kwani imepokewa kwamba Mtume Muhammad akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichotimia lita moja, na akikoga kwa pishi moja, vibaba vinne, au akizidisha sana vitano. Aliyezaliwa jangwani alijua thamani ya tone, na mtu wa Kambu hahitaji kufunzwa hilo na mwanachuoni yeyote.

Je, mashine ni israfu? Hapa pana hoja ambayo wauzaji huipenda, nayo ni kwamba mashine ya siku hizi hutumia lita 10 hivi kwa mzunguko mmoja, yaani nusu ya mtungi, na kwamba mtu anayeosha kwa mkono chini ya mfereji uliofunguliwa humwaga nyingi zaidi ya hizo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa yule ambaye mfereji wake haufungwi. Lakini mama wa Kambu haoshi chini ya mfereji. Anaosha kwa mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuza, na maji ya kusuuza hayapotei, kwani yale ya asubuhi hutangulia kutumika kwa sufuria za usiku, kisha yakamwagwa kwenye shina la mpapai. Kwake yeye mashine haiokoi maji wala haiyafuji. Mizani inakaribia kulingana, na mtu mwenye insafu ataona kwamba kinachopimwa si maji bali ni mgongo, magoti, na saa ile ya usiku ambayo mwili umekwisha kuchoka na kazi haijesha.

Chimbuko la mashine yenyewe linafunza jambo. Huko Shelbyville, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, alikuwako bibi mmoja wa nyumba ya kitajiri, Josephine Cochrane, ambaye inasimuliwa kwamba alichukizwa na watumishi wake kuzivunja kingo sahani za kauri alizozienzi. Mumewe alipofariki mwaka 1883 akamwachia madeni, wazo lililokuwa la anasa likawa la riziki, na mwaka 1886 akapewa hataza ya mashine iliyosukuma maji kwa nguvu juu ya vyombo vilivyopangwa katika matundu ya waya. Aliionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, na waliomnunulia mwanzoni walikuwa mahoteli, kwa sababu nyumba za watu wa kawaida hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Angalia basi: kilichotakiwa kuhifadhiwa hapo mwanzo kilikuwa kauri, si mikono ya watumishi. Sioni katika habari hiyo sababu ya kuikataa mashine, maana vitu vingi vyema vimezaliwa na nia ndogo. Naona tu kwamba mashine haina huruma yake yenyewe, na kwamba huruma ni lazima iletwe na yule anayeiingiza nyumbani.

Sasa tuje kwenye jiko. Jamaa mmoja ninayemfahamu, aliyestaafu akajenga Kambu, alipelekewa mashine na mwanawe aliyeko ughaibuni, na fundi akaitwa kutafuta pa kuiweka. Mashine ya kawaida ina upana wa sentimita 60, kina karibu na hicho, na kimo cha sentimita 82 au zaidi kidogo. Iko nyembamba ya sentimita 45, na iko ndogo ya kuwekwa juu ya meza ambayo hula upana wa sentimita 55 za mahali pa kukatia mboga. Haiwezi kukaa mbali na sinki, kwani mpira wake wa maji safi na mpira wake wa maji machafu ni mifupi, na huu wa pili sharti uinuliwe hadi karibu na usawa wa juu ya meza kabla ya kuteremshwa, la sivyo maji machafu hurejea ndani. Inataka umeme wa kilowati 2 hivi inapochemsha maji. Inataka chumvi maalumu ya kulainisha maji magumu, na kwa maji ya visima vya huko itaitaka nyingi. Na inataka msukumo: tangi lililo juu ya paa la nyumba ya chini halitoi msukumo wa kutosha mashine nyingi, kwa kuwa kila mita 10 za kimo hutoa kipimo kimoja cha bari, na mashine huomba theluthi ya kipimo hicho au nusu yake; kwa hiyo kabla ya kununua rafu, nunua mnara wa tangi. Haya yote fundi aliyaeleza kwa ufasaha, akasema kwamba njia ni moja, kabati la kando ya sinki ling'olewe. Mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, aliuliza, "Na ndengu zangu nitaziweka wapi, fundi?"

Swali hilo limenikaa moyoni kuliko mahubiri mengi. Katika nchi ambayo mvua huweza kukosekana misimu miwili mfululizo, debe la ndengu, gunia la mahindi na ile sufuria kubwa ya muthokoi si vyombo tu vinavyongoja kupangwa. Ni akiba, na akiba katika nyumba ya mkulima ni kama ukuta ule wa mtoni unaozuia mchanga, usioonekana kazi yake mpaka ukame ufike. Kitu kinachong'oa akiba ili kipate mahali kimekosea adabu ya nyumba, hata kiwe na manufaa gani. Na sufuria ile ya muthokoi, tusisahau, haiingii katika mashine ya sentimita 45 kwa vyovyote. Itaendelea kusuguliwa kwa mkono, nayo sasa haina kabati. Kwa maoni yangu fundi alipaswa kuanza na ukuta, akapandisha rafu hadi darini kwa vyombo visivyotumika kila siku, akajenga ghala dogo la nafaka nje ya jiko, mahali pakavu pasipofikiwa na panya, ndipo akaligusa kabati la kando ya sinki, tena kwa mashine nyembamba, si ile pana. Nafasi ikiwa haba, kinachotoka kitafutiwe makao kabla ya kinachoingia.

Lakini wako watu wema, nami nawaheshimu, wanaosema kwamba mashine isiingie kabisa, si kwa ajili ya nafasi wala maji, bali kwa ajili ya roho. Maana kuosha vyombo, wanasema, ni khidma, na khidma ni ibada, na mtu anayeukimbia unyenyekevu wa beseni anaikimbia fadhila yenyewe. Wana mashahidi wakubwa. Katika karne ya 17, Ndugu Lawrence, mtawa wa Wakarmeli mjini Paris, alifanya kazi jikoni miaka mingi na akashuhudia kwamba katikati ya kelele za vyungu alikuwa karibu na Mungu kama vile anapopiga magoti kanisani. Na Waislamu wana habari iliyopokewa kwa Bibi Aisha, aliyeulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, hata wakati wa sala ulipofika akatoka kwenda kusali.

Ushahidi huo ni sahihi, bali umesomwa kichwa chini. Aliyetumika nyumbani katika habari ya Bibi Aisha ni mkuu wa nyumba na mkuu wa umma. Na katika Injili ya Yohana, aliyejifunga kitambaa akawaosha wenzake miguu ni yule waliyemwita Bwana, hata Petro akakataa mara ya kwanza kwa kuona haya. Katika habari zote mbili aliye juu ameinama kwa hiari yake. Hapana hata moja inayosifu kumwinamisha aliye chini na kumzuia asinyanyuke. Khidma ni fadhila kwa mwenye uwezo wa kuiacha. Kwa asiye na uwezo huo ni mzigo, na kuuita mzigo wa mwenzako kuwa ni ibada yake, ilhali wewe umeketi sebuleni ukisubiri chai, ni kumdhulumu mara mbili, mara ya kwanza mwili wake, na mara ya pili akili yake. Nimewasikia wanaume wakiusifu uvumilivu wa mama zao mbele ya beseni kwa maneno mazuri sana, na sikuwaona wakiinuka.

Pana habari moja ngumu zaidi, nami sitaki kuipita kando. Bibi Fatima, binti wa Mtume, mikono yake iliota sugu kwa kusaga kwa jiwe, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, na baba yake hakumpa, bali alimfundisha yeye na mumewe Ali kumsabihi Mungu mara 33, kumhimidi mara 33, na kumtukuza mara 34 wakati wa kulala, akawaambia kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Wengi wameifanya habari hiyo kuwa kufuli la kuwafungia wanawake jikoni. Lakini katika baadhi ya mapokezi imeelezwa sababu, nayo ni kwamba Mtume alikataa kumpa binti yake ilhali watu wa Suffa, maskini waliolala katika kibaraza cha msikiti wa Madina, matumbo yao yamejikunja kwa njaa. Alitazama kilicho haba, akakitanguliza kwa mwenye haja kubwa zaidi, na aliyenyimwa alikuwa mwanawe mwenyewe, si mtoto wa mtu mwingine. Mwenye kutaka kuifuata habari hiyo aanze hapo: awanyime raha watu wa damu yake kwa ajili ya wenye njaa, ndipo awafundishe tasbihi. Kuna mtu mwenye gari, na televisheni ya ukuta mzima, na viti vya sofa vilivyojaza sebule, ambaye akiombwa kitu cha kumpunguzia mkewe kazi humkumbuka Bibi Fatima; huyo amekumbuka nusu ya habari.

Mtakatifu Benedikto, aliyewawekea watawa kanuni yao katika karne ya 6 huko Italia, alikuwa na busara ambayo naipenda kwa sababu haina maneno makubwa. Aliagiza kwamba ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu ya juma moja moja, asisamehewe mtu ila mgonjwa au mwenye shughuli ya lazima, na mwisho wa juma anayetoka azirudishe sahani zikiwa safi na nzima. Na akataka vyombo vyote vya nyumba vitunzwe sawasawa na vyombo vitakatifu vya madhabahu. Kanuni hiyo imefuatwa hata kwetu Afrika Mashariki, katika monasteri za Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, na Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906. Wala Wakamba hawakungoja Benedikto ili waijue zamu, kwani wana mwethya, ushirika wa kazi ambao kwao watu hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na kwa huo wamekata matuta ya vilima na kujenga zile kuta za mchanga mtoni. Kinachonishangaza, na kunihuzunisha, ni kwamba mwethya uliofika mtoni haukufika jikoni. Watu waliokubaliana kubeba mawe pamoja kwa jua kali hawajakubaliana kusuuza vikombe pamoja kivulini.

Tena tusijifanye kana kwamba beseni halina historia nyingine. Katika miji ya pwani yetu, nyingi ya zile nyumba zilizotoa mashairi na elimu, vyombo vyake vilioshwa na watumwa, mpaka sheria ilipoufuta utumwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Na katika nyumba za walowezi kazi hiyo ilikuwa ya toto wa jikoni, jina ambalo mtu alibaki nalo hata ndevu zikamwota. Leo kazi hiyo ni ya binti wa miaka michache, aliyetolewa kijijini, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Amri ya Sabato, ambayo wamisheni wa Kiskoti waliifundisha Kibwezi tangu mwaka 1891, haikusema tu kwamba mwenye nyumba apumzike. Ilimtaja mtumwa na mjakazi kwa majina ya kazi zao, na katika Kumbukumbu la Torati ikatoa sababu, kwamba wapumzike vile vile kama yeye. Mtume naye aliusia kwamba watumishi ni ndugu, wasikalifishwe yanayowashinda, na wakikalifishwa wasaidiwe. Na Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Sauti hizi tatu zinatoka mbali kwa mbali, na zote zimemtafuta mtu yule yule, aliyesimama kwenye sinki.

Basi mashine ikiingia katika nyumba yenye binti wa kazi, saa ile iliyookolewa baada ya chakula cha usiku ni mali yake kwanza, alale au asome au azungumze na mama yake kwa simu, na isijazwe kazi nyingine kwa hoja kwamba sasa ana nafasi. Wala ujira wake usipunguzwe shilingi. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume: mashine inaletwa, binti anaambiwa arudi kwao, na nyumba ya kijijini iliyokuwa ikila kwa mshahara ule inabaki bila kitu. Mwenye kufanya hivyo amepata mahali pa chombo kwa kumtoa mtu. Na ikiwa hana uwezo wa vyote viwili, gharama ya mashine pamoja na mnara wake wa tangi na chumvi yake, na ujira wa haki wa binti, mimi ningemshauri aiache mashine dukani, kabati libaki na ndengu zake, naye mwenyewe pamoja na wanawe wa kiume waingie katika zamu ya beseni kuanzia juma hili, ili Jumapili ikifika binti apande matatu asubuhi kwenda kwao.